Kutoka sekunde 118: shajara ya kompaila yetu, Kisumu

Jumamosi, 27 Septemba 2025

Leo darasani Manyatta, binti mmoja wa kidato cha tatu alibadilisha ujumbe wa kosa. Kompaila yetu, programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa lugha ya mashine, ilikuwa ikisema "alama isiyotarajiwa". Yeye akaona heri iseme "umesahau kufunga mabano ya mstari wa 3". Wazo lake ni bora kuliko letu. Akahifadhi faili, akaamuru ujenzi uanze, tukangoja. Feni ikavuma. Muuza mandazi akapita dirishani, wenzake wakanunua, wakala, wakapangusa mikono. Ujenzi ulipokwisha nikamwambia aendelee na lile badiliko la pili alilokuwa amenidokezea. Akatazama skrini, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, lilikuwepo. Limenitoka."

Alipojaribu tena nilipima kwa saa ya simu: sekunde 118, kwa sentensi moja.

Niandike hali ilivyo kwa atakayesoma baadaye. Tuko watatu: mimi Kisumu, mwenzangu Nakuru, na dada yetu wa Kakamega anayeshughulikia mifano na maelezo. Tunatengeneza lugha ndogo ya kufundishia programu, ambayo maneno yake ni `kama`, `sivyo`, `rudia`, `kazi`. Kompaila yake imeandikwa kwa lugha ya Rust, na msimbo wa mashine unatolewa na maktaba iitwayo LLVM. Ina mistari takriban 31,000, yote ndani ya kreti moja, yaani kifurushi kimoja cha msimbo wa Rust. Darasa la Jumamosi lina mashine sita za mitumba, kila moja na RAM ya GB 4, viini viwili na nyuzi nne, yaani kazi nne kwa wakati mmoja. Mashine yangu ina GB 16. Kwangu badiliko kama lile huchukua sekunde 31, ndiyo maana sikuwahi kuliona tatizo. Mwaka mzima nimekuwa nikipima mahali pasipostahili.

Kuanzia leo kipimo cha mradi ni mashine ya Manyatta, na badiliko linalopimwa ni lile analofanya mwanafunzi: kugusa ujumbe wa kosa na kujenga tena.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeibeba mashine namba 4 hadi nyumbani kwa boda, nimeifunga kwa leso mbili. Nimepima vitu vitatu, kila kimoja mara tano, nikachukua kipimo cha katikati. Kipimo cha kwanza baada ya kuwasha mashine nakitupa, kwa sababu wakati huo inasoma kila kitu upya kutoka diski.

Ujenzi wa mwanzo, folda ya `target` yenye matokeo ya ujenzi ikiwa imefutwa: dakika 14 na sekunde 20. Badiliko la ujumbe: sekunde 118. Majaribio yote: dakika 9 na sekunde 5.

Kabla ya kuangalia ndani niliandika kwenye karatasi nilichodhani ndicho chanzo: kikaguzi cha azima, kile kinachohakikisha kwamba data haibadilishwi na mmoja huku mwingine akiitumia. Ndicho kila mtu anachokilaumu akisema Rust ni nzito. Nikaendesha `cargo build --timings`, amri ya Cargo (chombo cha kujenga programu za Rust) iliyoingia toleo thabiti la 1.60 mwaka 2022, ambayo huchora mchoro wa kila kreti ilianza lini na kuisha lini. Kisha nikachukua toleo la nightly, lile la majaribio, na `-Z time-passes` ili nione hatua za ndani ya kreti yetu.

Kikaguzi cha azima kilikula chini ya sekunde 2. Sekunde 61 zilikuwa za linka, hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande kuwa faili moja linaloendeshwa. Sekunde 50 ni za kukompaili kreti yetu. Na sekunde 7 zilikuwa za kitu ambacho sikukitegemea kabisa: `build.rs`, programu ndogo inayotengeneza jedwali la maneno ya lugha kabla ujenzi haujaanza. Jedwali hilo halijabadilika tangu Machi. Kwa nini linatengenezwa kila mara?

Karatasi nimeibandika ukutani juu ya meza, nikauandika mstari mwekundu juu ya dhana yangu.

Jumatano, 1 Oktoba

Jibu la `build.rs`. Programu hiyo isipomwambia Cargo ni mafaili gani inayategemea, Cargo huchukulia kuwa inategemea kila faili lililo ndani ya kifurushi. Kwa hiyo dada yetu wa Kakamega akirekebisha herufi moja kwenye faili la mifano, ambalo halihusiani na kompaila kwa njia yoyote, jedwali lilikuwa likitengenezwa upya na kreti nzima kukompailiwa kutoka mwanzo. Kazi yake yote ya miezi ilikuwa ikilipiwa sekunde 118 kila anapohifadhi, naye hakulalamika hata siku moja. Nilipompigia kumweleza alisema, "Mimi nilidhani ndivyo kompaila zilivyo."

Dawa ni mstari mmoja: `cargo::rerun-if-changed=maneno.txt`. Badiliko la ujumbe sasa ni sekunde 111. Badiliko la mfano ni sifuri, hakuna kinachojengwa.

Usiku nimeingia kwenye linka. Tulikuwa tumejifungia toleo la Rust 1.88 ili mashine zote ziwe sawa. Toleo la 1.90, lililotoka tarehe 18 Septemba, limebadilisha jambo kubwa kwa sisi wa Linux ya x86_64 (prosesa za kawaida za Intel na AMD): linka ya kawaida sasa ni LLD, badala ya ile ya zamani ya GNU. LLD hugawa kazi ya kuunganisha kwenye nyuzi nyingi. Ipo na linka nyingine, mold, ya Rui Ueyama, ambaye ndiye aliyeandika pia LLD ya sasa. Mold ni nyepesi zaidi, ila inahitaji kusakinishwa kivyake kwenye kila mashine na kuandikwa kwenye mpangilio. Nimeamua LLD itutoshe. Kitu kinachokuja chenyewe na toleo hakitavunjika siku nisipokuwepo Manyatta.

Nimepakua toleo mara moja kwa bando langu, kwa `--profile minimal` ili nyaraka zisije nazo, nikaliweka kwenye flash. Vitegemezi vyote nimevikusanya kwa `cargo vendor`. Hakuna mwanafunzi atakayenunua bando ili ajenge kompaila.

Linka: kutoka sekunde 61 hadi 17. Jumla 67.

Alhamisi, 2 Oktoba

Stima imepotea saa tisa na nusu alasiri, mvua ya ziwa ikianza, ikarudi saa mbili usiku. Nimetumia muda huo kufikiria kwa kalamu kwa nini bado ni sekunde 17.

Tunaiunganisha LLVM yote ndani ya faili letu. LLVM inajua kutoa msimbo wa prosesa za aina nyingi sana, na sisi tunahitaji aina moja. Kila tunapojenga, linka inapita katikati ya maktaba hizo kubwa, inachagua vipande, inavinakili. Kwenye GB 4 kumbukumbu inajaa, mashine inaanza kuhamishia kwenye diski, na diski hizi ni zile za kuzunguka.

Saa tatu usiku nimejaribu njia ya pili: kuacha LLVM ibaki faili lake lenyewe, `libLLVM`, ambalo tayari limesakinishwa na Ubuntu, na kompaila yetu ilitafute inapoanza kuendeshwa. Kreti ya `llvm-sys` ina swichi ya hilo, `prefer-dynamic`. Linka imeshuka hadi sekunde 3, jumla 53. Faili la kompaila, lililokuwa kubwa mno kulituma kwa WhatsApp, sasa linapita.

Gharama yake ipo na nimeiandika kwenye maelezo ya mradi: kompaila huchelewa kidogo kuanza kwa sababu inapakia maktaba, na mtu asiye na LLVM ya toleo lile lile hawezi kuiendesha. Kwa toleo tunalowapa watu wa nje tutaendelea kuunganisha yote ndani. Kwa kazi ya kila siku, hapana.

Jumapili, 5 Oktoba

Mabadiliko mawili madogo na moja lililoshindikana.

La kwanza, taarifa za kitatuzi, chombo cha kusaka makosa ndani ya programu. Tulikuwa tunaandika taarifa kamili za kila kigezo na kila aina, na hakuna hata mmoja wetu anayefungua kitatuzi. Sote tunasoma tu jina la faili na namba ya mstari programu inapoanguka. `debug = "line-tables-only"` inabakisha hayo mawili na kuacha mengine. Kukompaili kumeshuka kutoka sekunde 50 hadi 41, linka kutoka 3 hadi 2. Jumla 43.

Lililoshindikana: kuiweka folda ya `target` ndani ya RAM. Kwenye mashine yangu inasaidia. Kwenye namba 4 ilikuwa sawa na kumpa mgeni kitanda chako halafu ukose pa kulala. Kumbukumbu iliisha na mashine ikaganda hadi nikaizima kwa kitufe.

La pili, majaribio. Hapa nimekasirika, kwa sababu ni jambo ambalo tungeliona mapema kama tungeuliza. Cargo huchukulia kila faili lililo moja kwa moja ndani ya folda ya `tests` kuwa programu kamili inayojitegemea. Sisi tulikuwa na mafaili 23. Maana yake kompaila yetu, pamoja na LLVM, iliunganishwa mara 23 kila tulipoendesha majaribio, na faili kila moja likibaki kwenye diski. Ndiyo sababu folda ya `target` ilikuwa na GB 19 kwenye mashine yenye diski ya GB 250. Nimeyahamisha yote kuwa moduli za faili moja. Baada ya marekebisho ya linka majaribio yalikuwa yameshuka hadi dakika 3 na sekunde 40. Sasa ni sekunde 70. Folda ina GB 2.

Jumanne, 7 Oktoba

Simu ndefu na mwenzangu wa Nakuru.

"Ndugu yangu," akasema, "kazi yote hii ya nini? Tuiandike upya kwa Go, ikompaili, tulale."

Sikumkatalia papo hapo, kwa sababu hoja yake ina uzito. Go ilizaliwa kutokana na uchovu huu huu. Rob Pike alieleza mwaka 2012 kwamba walianza kuiwaza 2007 wakiwa Google, wakati programu moja kubwa ya C++ ilikuwa ikichukua dakika 45 kujengwa. Walipochunguza programu hiyo walikuta mafaili yake yana MB 4.2 tu kwa jumla. Lakini kwa kuwa kila faili la C++ linavuta mafaili mengine ya vichwa, nayo yanavuta mengine, kompaila ilikuwa imelishwa zaidi ya GB 8. Mara elfu mbili. Wakaamua lugha yao isiruhusu kuingiza kifurushi usichokitumia, isiruhusu vifurushi kuzungukana, na kompaila ikifungua kifurushi kimoja ipate humo kila inachohitaji bila kwenda kubisha hodi kwa jirani wa jirani.

Nikamkumbusha pia yaliyofuata. Agosti 2015, toleo la Go 1.5 lilihamisha kompaila kutoka C kwenda Go yenyewe, na muda wa kujenga ukawa takriban maradufu. Walikuwa na lugha ile ile na kanuni zile zile, ila kazi ya ndani ilikuwa imebadilika. Iliwachukua matoleo kadhaa kurudisha walichopoteza.

Tukakubaliana hivi: hatuhami. Ila swali la watu wa Go tulichukue kama lilivyo na kuliuliza kwetu. Mwanafunzi anapogusa faili moja, ni mangapi yanayoguswa pamoja nalo?

Ijumaa, 10 Oktoba

Jibu la swali la Jumanne ni: yote. Kreti ni kipimo cha kazi cha rustc, kompaila ya Rust yenyewe. rustc ina akiba ya hesabu za awali tangu toleo la 1.24 la mwaka 2018, ambayo huirukia kazi isiyobadilika, lakini bado lazima ipite juu ya mistari yote 31,000 kujiridhisha kwamba haikubadilika. Na sehemu ya mwanzo, kusoma, kukagua aina, kukagua azima, kwenye toleo thabiti hufanywa na uzi mmoja. Nyuzi tatu za namba 4 zinakaa zikitazama.

Tumeigawa kreti kuwa tano: `msomaji`, `aina`, `ujumbe`, `mtoaji`, na `amri` iliyo juu kabisa. Mwenzangu alifanya sehemu kubwa usiku kucha. Asubuhi nikapima badiliko la ujumbe.

Sekunde 46. Tumeongeza tatu.

Nilikaa na mchoro wa `--timings` hadi chai ikapoa. Mapau matano yamepangana kama ngazi, kila moja likianza linapoishia lililotangulia. Kisha nikaona. Kreti ya `ujumbe` tumeiweka chini kabisa, kwa kuwa kila mtu anauhitaji: msomaji anatoa makosa, mkaguzi wa aina anatoa makosa, mtoaji anatoa makosa. Kila kreti inaitegemea. Ukibadilisha sentensi moja humo, nne zilizobaki zinajengwa upya juu yake. Tumechukua kitu kinachoguswa kila Jumamosi na watoto sita, tukakifanya msingi wa nyumba.

Fundi yeyote wa Kondele angetuambia: rangi hupakwa mwisho.

Nimeandika mpango mpya. Kreti za chini hazitajua Kiswahili wala lugha yoyote. Zitatoa namba ya kosa, mahali lilipo, na data yake: kosa la 14, mstari wa 3, mabano. Sentensi zenyewe zitakaa juu kabisa, karibu na `amri`, ambako hakuna kinachozitegemea. Mwenzangu anasema pia itarahisisha siku tutakapotaka ujumbe wa Kijaluo au Kiluhya. Sikuwa nimeliwaza hilo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Hakuna vipimo tangu tarehe 10. Raila Odinga alifariki India tarehe 15. Jumamosi mwili wake uliletwa uwanja wa Mamboleo, na jana akazikwa Bondo. Ukumbi wetu ulifungwa, mashine zikafunikwa shuka. Nilitembea na umati hadi Mamboleo. Wanafunzi wetu kadhaa niliwaona huko wameshika matawi. Usiku nilifungua msimbo, nikaufunga. Nitaendelea Jumamosi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mpango wa tarehe 10 umekamilika na umewekwa kwenye mashine zote sita isipokuwa namba 3, ambayo diski yake inatoa mlio.

Badiliko la ujumbe kwenye namba 4: sekunde 6.

Nimepima mara tano, kisha mara tano tena, kisha nikapima tena kwa sababu sikutaka kuamini kitu ambacho si kweli. Ni sita. Nne kati ya hizo ni kreti ya juu yenyewe, na mbili ni linka.

Darasani sikusema chochote. Binti yule alifika na daftari. Kwa muda wote ambao hatukukutana alikuwa ameandika makosa kumi na moja ambayo maelezo yake hayamsaidii mtu, na mbele ya kila moja sentensi yake. Tulipitia yote kumi na moja kabla ya saa sita. Mawili niliyapinga, moja akanishinda kwa hoja. Kosa la `rudia` lisilo na mwisho lilikuwa linasema "kitanzi hakikufungwa", naye akauliza mtoto wa darasa la sita ataelewa nini akisikia kitanzi. Sasa linasema "rudia hii haina mahali pa kuishia".

Mchana nikashughulikia ujenzi wa mwanzo, ambao nilikuwa nimeuacha. Wengine husema haufai kuhangaikiwa kwa kuwa hufanywa mara moja. Kwetu mashine husafishwa kila muhula, na mgeni anayetaka kutusaidia hukutana na ujenzi huo kabla hajakutana na kitu kingine chochote. LLVM isiyounganishwa ndani ilikuwa tayari imeushusha hadi dakika 10 na sekunde 40. Kisha nikaangalia makro, msimbo unaoandika msimbo mwingine. Kreti zinazotengeneza makro, kama ile ya serde (maktaba ya kusoma na kuandika data), hazina ruhusa ya njia ya mkato ambayo kreti nyingine zinayo. Tangu Cargo ya toleo la 1.38, mwaka 2019, kreti inaweza kuanza mara tu kreti ambayo yenyewe inaitegemea ikishatoa maelezo yake ya nje, kabla haijamaliza kutoa msimbo. Makro lazima imalizike kabisa, kwa kuwa inaendeshwa wakati wa ujenzi wenyewe. Tulikuwa tunaijenga serde yote na makro zake kwa ajili ya miundo mitatu ya faili la mipangilio. Nimeandika usomaji wa faili hilo kwa mkono, mistari 60. Dakika 8 na sekunde 50.

Mwisho, idadi ya kazi kwa wakati mmoja. Cargo huona nyuzi nne, ikaanzisha rustc nne. Kwenye GB 4 hizo nne zinagombania kumbukumbu kama mafundi wanne ndani ya jiko la futi sita. Nimeweka `jobs = 2`. Dakika 7 na sekunde 30. Kuna pia sehemu ya mwanzo ya rustc yenye nyuzi nyingi, `-Z threads`, iliyotangazwa kwa nightly Novemba 2023. Nimeijaribu kwenye mashine yangu na ni nzuri. Inaongeza matumizi ya kumbukumbu, basi Manyatta haitufai kwa sasa.

Jumapili, 2 Novemba

Kuna kungoja kwingine ambako shajara hii haikukugusa: mwanafunzi akiandika programu yake ya mistari 20 kwa lugha yetu, inachukua muda gani kabla ya jibu kuonekana? Sekunde 1.4 kwenye namba 4. Karibu zote ni LLVM ikipakiwa na kupitia hatua zake za kuboresha msimbo ambao utaendeshwa mara moja na kutupwa.

Nimeongeza njia ya pili ya kutoa msimbo: Cranelift. Imeandikwa kwa Rust, inatumika ndani ya Wasmtime, programu ya kuendesha msimbo wa WebAssembly, na imeundwa kutoa msimbo haraka badala ya kuuboresha kwa kina. Hata rustc yenyewe ina toleo la majaribio linaloitumia kwa ujenzi wa kila siku. Kazi imenichukua Jumatano, Alhamisi na siku nzima ya leo. Kuanzia sasa amri ya `endesha` inatumia Cranelift, na amri ya `jenga`, kwa anayetaka faili la kumpa mwingine, inabaki na LLVM.

Sekunde 0.2.

Hapo nilinyamaza kidogo. Kompaila ya Turbo Pascal ya mwaka 1983 ilipendwa kwa sababu hii: unaandika, unabonyeza, unaona, kwenye mashine ambayo leo hata simu ndogo inaishinda. Miaka 42 baadaye mtoto wa Manyatta ana haki ya kupata angalau hicho.

Jumamosi, 8 Novemba

Kosa, na ni kubwa.

Kijana mmoja aliandika programu ya kugawanya bei ya omena kwa idadi ya debe, akaacha debe kuwa 0. Programu ikafa bila neno lolote. Lugha yetu ina ujumbe wa hilo, umekuwepo tangu mwanzo: "huwezi kugawanya kwa sifuri, mstari wa ngapi". Aliniita akidhani ameharibu mashine. Alikuwa ameondoa mikono yake kwenye kibodi na kuiweka mapajani.

Chanzo ni mimi. Kwa LLVM, kugawanya kwa sifuri hakuna maana iliyowekwa. Chochote kinaweza kutokea, kwa hiyo zamani tuliweka ukaguzi kabla ya kila mgawanyo, ndani ya kreti inayotoa msimbo wa LLVM. Cranelift yenyewe husimamisha programu ghafla ikikutana na sifuri. Nilipoandika njia mpya sikuubeba ule ukaguzi, na majaribio yetu 112 ya mifano yalikuwa yakipitia njia ya zamani pekee. Nilifurahia 0.2 bila kuuliza nimeacha nini njiani.

Nilimwambia kijana pale pale kwamba programu yake ilikuwa sawa na kosa ni la kompaila. Nimerudisha njia ya LLVM kwenye `endesha` kwa mashine zote kabla darasa halijaisha. Sekunde 1.4 zenye jibu la kweli.

Jumanne, 11 Novemba

Ukaguzi wa sifuri umetolewa kwenye LLVM na kupandishwa kwenye hatua ya katikati, kabla njia mbili hazijaachana, ili yeyote atakayeongeza njia ya tatu asiweze kuusahau. Ukaguzi wa mpaka wa safu nao nimeuhamishia huko. Pia ule wa namba ndogo kuliko zote kugawanywa kwa hasi moja, ambayo Cranelift huikataa na ambayo hatukuwahi kuijaribu kwa njia yoyote ile; mwenzangu wa Nakuru ndiye aliyeiona alipokuwa akisoma mabadiliko yangu.

Mifano 112 sasa inaendeshwa kwa njia zote mbili, na matokeo lazima yafanane herufi kwa herufi. Tofauti mbili zaidi zimejitokeza, zote kwenye namna ya kuchapisha desimali. Zimerekebishwa leo mchana. Majaribio yote yamepanda kutoka sekunde 70 hadi 81 kwenye namba 4, na nimekubali kuzilipa hizo 11.

Programu ya omena ya kijana yule ni mfano wa 113. Namba 3 bado ina kompaila ya Septemba. Nitaipelekea diski nyingine na flash Jumamosi, nianze nayo kabla wanafunzi hawajafika.